Harufu kali ya "dawa" kwenye bwawa la kuogelea siyo usafi. Njooni tuongee maji, ngozi na wanaojisaidia humo ndani

Mtunza Maji (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kazi yangu ni kutunza mabwawa ya kuogelea hapa Dar, ya hoteli na ya majumbani. Kila wikendi malalamiko ni yale yale: "Fundi leo umezidisha dawa, macho yanawaka, ngozi imepauka." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, naweka hapa mara moja.

Klorini, ndiyo hiyo "dawa" ya kuua vijidudu majini, ikiwa kwenye kiwango chake, na ikiwa bado haijakutana na uchafu, harufu yake ni ndogo mno. Tunaiita klorini huru, na bwawa la kawaida linatakiwa liwe nayo miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Ile harufu inayokupokea getini na kukuchoma pua ni kitu kingine. Klorini inapokutana na jasho, mkojo, mafuta ya kupaka na uchafu wa mwili inageuka kuwa kloramini. Kuna aina moja ya kloramini inayopaa kutoka kwenye maji, na hiyo ndiyo inayowasha macho, kukwangua koo na kuwakohoza wenye pumu. Kwa hiyo bwawa linalonuka "dawa" mara nyingi ni bwawa ambalo klorini yake imeshachoka. Dawa yake ni kuongeza klorini, siyo kupunguza, na hapo ndipo wateja huwa wananiona mwendawazimu.

Tena mabwawa yetu mengi yako nje, upepo unapita. Ukiona harufu inakufuata mpaka kwenye meza ya chipsi ujue hali ni mbaya kuliko ya bwawa la ndani lenye harufu hiyo hiyo.

Kitu cha pili ni pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Inatakiwa icheze kati ya 7.2 na 7.8. Kwenye 7.5 karibu nusu ya klorini iko katika hali ya kuua vijidudu. Ikipanda hadi 8 inabaki kama robo tu, hata kama umemwaga ndoo nzima. Wahudumu wengi wanapima klorini na kuisahau pH, kisha wanashangaa maji kugeuka kijani wakati "dawa tumeweka."

Kabla hujatoa kiingilio, fika ukingoni uangalie chini. Kile kichujio cha sakafuni upande wa kina kirefu kionekane vizuri kabisa, mpaka vitundu vyake. Pitisha mkono kwenye vigae pale maji yanapoishia: pakiwa na utelezi, hilo ni tabaka la vijidudu na mafuta, klorini haijapita hapo kwa muda. Sikiliza kama pampu inaunguruma. Omba kuona daftari la vipimo. Wengi watakukodolea macho, lakini mwenye nalo atalileta kwa furaha, nawajua.

Ulizeni.

---

Kidevu cha Mbuzi

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu, ni kweli kuna dawa ukikojoa maji yanageuka bluu karibu yako, watu wote wakuone? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

---

Mtunza Maji

Mwambie rafiki yako hakuna. Ni hadithi ya kuwatishia watoto, na kwa watu wazima pia inasaidia, sijawahi kuikanusha nikiwa kazini.

Ila wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada waliwahi kupima kwa ujanja. Kuna sukari bandia inaitwa asesulfame-K, ipo kwenye soda na vyakula vingi, inapita mwilini na kutoka kwenye mkojo bila kubadilika. Wakaitafuta kwenye maji ya mabwawa, matokeo wakayatoa mwaka 2017. Bwawa moja la lita kama 830,000 wakakadiria lina lita 75 za mkojo. Chukua madumu ya lita 20, jaza matatu na robo tatu ya la nne.

---

Kidevu cha Mbuzi

Rafiki yangu ameacha kuogelea.

---

Mzee wa Foleni

Mtoa mada, hujagusa kitu muhimu. Maji wanabadilisha baada ya muda gani? Sehemu ninayopeleka wajukuu wanasema kila Jumatatu wanamwaga yote. Mimi nikaona hapo ndipo penye usafi.

---

Mtunza Maji

Shikamoo mzee. Bwawa lenye pampu na chujio la mchanga linalofanya kazi halihitaji kumwagwa kila wiki. Maji yanazunguka, yanapita kwenye mchanga, uchafu unabaki, yanarudi. Chujio likijaa unageuza mkondo wa maji ule uchafu utoke nje, kisha unafidia maji yaliyopotea. Ukisikia wanamwaga yote kila wiki, uliza kama pampu ipo au imekufa. Wengine hawana chujio kabisa, wanamwaga shabu jioni, uchafu unatua chini, asubuhi wanafagia. Shabu inang'arisha maji, haiui kitu. Maji yanaweza kumeta yakawa na vijidudu kibao.

Mahali ambapo kumwaga sehemu ya maji ni lazima ni pale wanapotumia vile vidonge vikubwa vyeupe mwaka mzima. Vina kinga ya jua ndani yake, asidi ya sayanuriki. Bila hiyo kinga jua la huku linakula klorini ya asubuhi kabla ya adhuhuri. Lakini kinga haivukizwi wala haichujwi, inajilundika tu, na ikizidi sana klorini inakuwa goigoi. Kipimo kinasoma vizuri, kazi haifanyiki. Hapo unapunguza maji na kuweka mapya.

Na mapya yenyewe hapa mjini ni ya kisima. Maji ya kisima yenye chuma yakikutana na klorini yanageuka rangi ya chai mbele ya macho yako. Mwenye bwawa anapiga simu usiku akiamini amerogwa.

---

MamaTunu

Asante kwa uzi. Binti yangu ana miaka sita, ana pumu ya ngozi, kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Shuleni kwao kuna kipindi cha kuogelea. Akirudi anajikuna usiku kucha. Mwalimu anasema nimtoe, baba yake anasema nimwache. Mimi nampaka mafuta ya nazi mwili mzima kabla hajaingia ili maji yasimguse. Nakosea?

---

Mtunza Maji

Dada yangu, kwa upande wa bwawa naomba usimpake mwili mzima. Watoto thelathini wakiingia na mafuta, jioni nakuta pete ya kahawia imezunguka vigae vyote, klorini imeliwa na mafuta badala ya vijidudu, na kloramini ndiyo hizo tena. Upande wa ngozi namwachia mwenye taaluma yake.

---

Muuguzi Zamu ya Usiku

Nipo kliniki ya ngozi, nijibu hilo.

MamaTunu, usimtoe haraka. Kuna watoto wenye pumu ya ngozi wanaoogelea na hawapati shida. Hata hospitalini kuna wagonjwa wanaoelekezwa kuoga maji yenye klorini kidogo sana ili kupunguza bakteria wanaochokonoa vidonda, kwa maelekezo ya daktari, msijipimie wenyewe jiki nyumbani tafadhali. Ila kama ana vidonda vibichi au ngozi imepasuka, apumzike mpaka ipone, maana itamchoma na atachukia maji milele.

Fundi yuko sahihi kuhusu mafuta. Paka zile sehemu zenye tatizo tu: viwiko na nyuma ya magoti. Mafuta mazito ya mgando, tabaka jembamba, yasugue mpaka yaingie. Sehemu nyingine ziache.

Kazi kubwa iko akishatoka majini. Klorini inaondoa mafuta ya asili ya ngozi, na ikibaki mwilini inaendelea kukausha wakati mtoto yuko kwenye basi la shule. Kwa hiyo aoge maji safi pale pale, siyo akifika nyumbani. Maji ya kawaida au vuguvugu, ya moto yanazidisha kuwasha. Sabuni laini isiyo na manukato, kidogo. Dodoki liache, na sabuni ya mche ni ya nguo. Mkaushe kwa kugusagusa na taulo, usisugue, kisha mpake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika chache. Mafuta ya mgando hayaleti maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo, ndiyo maana ukimpaka akiwa amekauka kabisa hupati faida yake. Mafuta ya nazi unaweza kuyatumia hapo, yana sifa nzuri kwa pumu ya ngozi.

Muulize mwalimu kama kuna bomba la mvua linalofanya kazi. Nimeona shule zenye bwawa zuri na bafu limegeuzwa stoo.

---

Shanga za Kibokoni

Mombasa hapa. Sisi twaogea bahari na hoteli pia. Nauliza ya nywele. Nikisuka, nikitoka kwa maji kichwa chanuka hadi siku tatu, na ngozi ya kichwa yatoka magamba. Na hii kuoga *kabla* ya kuingia yasaidia nini? Si maji ni maji?

---

Muuguzi Zamu ya Usiku

Dada, anza na hilo la mwisho. Lowesha nywele zote kwa maji safi ya bomba kabla ya kuingia. Nywele zilizokwisha kunywa maji safi zinafyonza maji ya bwawa kidogo. Juu yake weka kofia ya kuogelea ukiipata inayoenea misuko. Ukitoka, suuza mpaka maji yapite kwenye mistari ya kichwa, na kausha kabisa. Rasta zinashika maji ndani kwa masaa mengi, ukifunga kilemba zikiwa mbichi umewatengenezea fangasi makazi. Magamba yasiyoisha onyesha kliniki, inaweza kuwa mba na inaweza kuwa kitu kingine.

---

Mtunza Maji

Naongezea hilo la kuoga kabla. Dakika moja tu chini ya bomba inaondoa sehemu kubwa ya jasho, vumbi, manukato na mabaki ya losheni. Vyote hivyo vingeliwa na klorini yangu. Watu wanaliona bomba la mvua kama la kuogea ukitoka. Wanatoka mpirani, wanaruka moja kwa moja, halafu saa kumi jioni wanalalamika macho yanawaka.

---

Ngosha Mwaloni

Nyie watu wa pwani mna mambo mengi. Huku Mwanza tunaogelea ziwani bure, maji ya Mungu, hakuna kloramini wala sayanuriki. Tumezaliwa humo.

---

Muuguzi Zamu ya Usiku

Na kichocho mmezaliwa nacho pia?

Kaka, siyo utani. Kanda ya Ziwa ina kichocho kingi. Viluwiluwi wake wanatoka kwa konokono wa majini, wanaogelea, wanapenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Wengine wanapata muwasho na vipele saa chache baadaye, wengine hawahisi chochote, miaka ikipita ndipo ini au kibofu kinaongea. Dawa ipo, prazikwanteli, na huwa inagawiwa shuleni, lakini ukirudi majini unaambukizwa upya. Kwenye bwawa lenye klorini na lisilo na konokono huo mlango haupo. Kwa hiyo ukiniuliza mwanangu aogelee wapi, nachagua bwawa la fundi pamoja na kelele zake zote.

---

Ngosha Mwaloni

Sawa muuguzi, nimekusoma. Mwangu wa pili alipewa hizo dawa shuleni, nikadhani ni za minyoo ya kawaida.

---

Sijui Kuogelea

Swali la aibu kidogo. Tangu nianze mazoezi ya majini kati ya vidole vya miguu pamekuwa peupe, panapasuka na kunuka. Na kwenye unyayo kuna kitu kigumu kina vidoti vyeusi, nikikanyaga kinauma. Ni maji?

---

Muuguzi Zamu ya Usiku

Hakuna aibu hapa. Bila kuona siwezi kusema kwa uhakika, lakini hiyo ya vidoleni inasikika kama fangasi, na ya unyayoni kama chunjua. Fangasi ni wadudu wa sehemu zenye unyevu, chunjua inaletwa na kirusi. Vyote viwili unaviokota zaidi kwenye sakafu kuliko ndani ya maji: kule bafuni, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, pembeni mwa bwawa, mahali miguu mibichi ya kila mtu inapita.

Vaa ndala mpaka ukingoni. Ukitoka kausha kati ya kila kidole, ndipo uvae soksi. Usiazimane taulo. Krimu ya klotrimazoli ipo maduka ya dawa, endelea nayo hata baada ya dalili kupotea kwa muda ulioandikwa, watu wengi wanaacha mapema na inarudi. Chunjua usikate na wembe, utaisambaza.

Na usipake zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi bila kuandikiwa. Muwasho unatulia, fangasi anaendelea kutambaa chini kwa chini, na ukifika kwetu hata daktari anapata shida kuutambua.

Niseme na la mkorogo nikiwa hapo hapo. Nawaona dada zetu, na kaka zetu pia siku hizi, wanajikoboa kisha wanashinda kando ya bwawa Jumapili nzima. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi, haidrokwinoni au zebaki, na zenye haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku nchini ingawa mitaani zinauzwa mchana kweupe. Ngozi imeshakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, inakutana na klorini inayokausha na jua linalopiga kutoka juu na kurudi kutoka kwenye maji. Ndiyo mnaona uso mwekundu, mashavu yana mabaka meusi, vidole vina sugu. Mnamlaumu fundi kwamba dawa yake imewababua.

---

Mtunza Maji

Hilo limenitoa jasho mara nyingi. Asante kwa kulisema, mimi nikilisema napigwa.

---

MamaTunu

Na jua je? Sisi weusi tunahitaji losheni ya jua kweli?

---

Muuguzi Zamu ya Usiku

Weusi wa ngozi unakinga kiasi, hauzuii yote, na kwetu jua linaonekana zaidi kama mabaka kuliko kuungua. Ukikaa majini saa sita mchana paka ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi isiyotoka na maji, kama dakika 15 kabla ya kuingia, na urudie kila baada ya saa mbili. Fulana ya kuogelea yenye mikono mirefu ni bora zaidi kwa watoto, na haimchafulii fundi maji.

Kwa mwenye ualbino hilo ni la lazima, siyo la kuchagua: fulana, kofia, kivuli, losheni, na muda wa kuogelea uwe asubuhi au jioni. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, ndiko ilikoanzia losheni inaitwa KiliSun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizeni kliniki za ngozi mlizo karibu nazo.

---

Mzee wa Foleni

Nina mashaka na kitu. Mtunza Maji unasifia sana klorini kwa sababu ndiyo ugali wako. Kwani inaua kila kitu?

---

Mtunza Maji

Haiui kila kitu mzee, na swali ni la haki. Kwenye miligramu 1 kwa lita E. koli, bakteria wa kinyesi, hamalizi dakika moja. Giadia, kijidudu kingine cha tumboni, anahitaji kama dakika 45. Lakini kuna kijidudu cha kuharisha kinaitwa kriptosporidiamu, kina ganda gumu, kwa kiwango hicho hicho kinaweza kuishi zaidi ya siku kumi. Ndiyo maana anayeharisha asiingie kabisa, na kama aliambiwa ni huyo kijidudu asubiri wiki mbili baada ya kuharisha kukoma. Nepi za kuogelea za watoto zinazuia kigumu tu, cha majimaji kinapita.

Mtoto akijisaidia majini, watu wote watoke. Kama ni kigumu, unakitoa, unahakikisha klorini imefika miligramu 2 na pH haizidi 7.5, unasubiri karibu nusu saa. Kama ni cha kuharisha, bwawa linafungwa, klorini inapandishwa hadi miligramu 20 kwa lita kwa karibu saa kumi na tatu, na ile kinga ya jua ikiwa nyingi majini muda unakuwa mrefu zaidi. Sehemu ngapi zinafanya hivyo siku ya Idi, bwawa limejaa, viingilio vimeshakatwa? Nimeambiwa nikitoe kwa wavu na ninyamaze. Nilikataa, kazi hiyo anayo mtu mwingine sasa.

---

Kidevu cha Mbuzi

Mimi nina kabwawa ka nyumbani, mita 15 kwa 8, kina wastani mita moja na nusu. Nipe hesabu basi, kijana wangu anakadiria na kikombe cha chai.

---

Mtunza Maji

Kumbe rafiki yako ana bwawa. Hizo ni lita 180,000, na hako siyo kabwawa. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 kwa lita unahitaji gramu 180 za klorini yenyewe. Unga wa kalsiamu haipokloraiti ulioandikwa asilimia 65, gawanya, unapata kama gramu 280. Pima kwa mizani. Weka jioni jua likizama, pampu ikiwa inazunguka, na usiogelee mpaka upime tena.

Anza na ndoo ya maji ndipo umimine unga, kamwe usimimine maji juu ya unga. Na kikombe cha unga kisiguse kopo la vile vidonge vyeupe, hata kama kinaonekana kikavu. Hizo mbili zikichanganyika zinaweza kuwaka moto au kulipuka.

Ukiona maji yamebadilika, usijaribu kemikali za kubahatisha. Rio, Olimpiki ya 2016, bwawa la kupigia mbizi liligeuka kijani dunia nzima ikitazama. Mtu aliweka haidrojeni peroksaidi, ikaizima klorini, mwani ukaota.

---

Shanga za Kibokoni

Nguo ya kuogelea nayo? Yangu yaniwasha mapajani hata siku sijaingia majini.

---

Muuguzi Zamu ya Usiku

Unaiweka kwenye mfuko wa plastiki ikiwa mbichi mpaka kesho yake, sivyo? Isuuze kwa maji matupu mara ukiivua, ikamue bila kuisokota, ianike kivulini. Na usikae nayo mwilini ikiwa mbichi huku ukila, badilisha. Vipele vyenye usaha kwenye vinyweleo, hasa baada ya kukaa kwenye lile beseni la maji ya moto la hotelini, vinaletwa na bakteria wanaopenda maji ya joto yaliyopungukiwa klorini. Mara nyingi vinaisha vyenyewe, ukiona homa au vinaenea nenda hospitali.

---

Shanga za Kibokoni

Umenijuaje na huo mfuko wa plastiki! Shukran, naenda kuutoa kwa gari sasa hivi.